Wasia wa Punda 204: Historia ya Hifadhi Iliyojengwa kwa Mali ya Marehemu

Zipo taasisi zilizoasisiwa kwa amri ya serikali, zipo zilizoasisiwa kwa tamaa ya faida, na zipo nyingine, chache kwa idadi lakini kubwa kwa fadhila, ambazo kuta zake zimesimamishwa na mali ya watu waliokwisha kufa. Watu ambao, kabla ya kuiaga dunia, walikaa wakatafakari, wakashika kalamu, wakaagiza kwamba sehemu ya tarika yao iende kwa viumbe wasiojua kusoma jina la mfadhili wala kutamka neno la shukrani. Katika kundi hili la mwisho imo The Donkey Sanctuary, hifadhi ya punda yenye makao yake katika shamba la Slade House, karibu na mji wa Sidmouth, mkoani Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Zaidi ya nusu karne imepita tangu mwaka 1974, mwaka ambao wasia wa mwanamke mmoja uliigeuza hifadhi hiyo kutoka shughuli ndogo ya huruma kuwa taasisi yenye mzigo mkubwa na mustakabali mrefu. Na kwa kuwa matunda ya wasia huo, na ya wasia nyingi zilizoufuata, yalivuka bahari yakafika hata ufukwe wa Lamu, ni haki historia yake isimuliwe kwa lugha ya watu wa Lamu.

Asili ya hifadhi

Mwasisi wake, Elisabeth Svendsen, alizaliwa mwaka 1930 huko Elland, katika Yorkshire. Katika ujana wake alikuwa mwalimu, akaolewa na Niels Svendsen, na mwaka 1966 mume na mke wakanunua hoteli ya Salston katika mji mdogo wa Ottery St Mary, Devon, wakawa watu wa kupokea wageni na kuwakirimu. Mwaka 1969 Bibi Svendsen alimnunua punda jike aitwaye Naughty Face, na nia yake wakati huo haikupita mapenzi ya kawaida ya mtu apendaye mifugo: kufuga punda wazuri, kuwazalisha, na kufurahi kuwatazama malishoni. Walakini alipokwenda katika soko la mifugo la Exeter aliwakuta punda saba wamesongamanishwa katika zizi dogo, hali zao dhaifu na za kutia majonzi, na nia ile ya kwanza ikaondoka moyoni mwake, ikakaa nyingine mahali pake. Aliona kwamba nchi haikuwa na haja ya mtu wa kuongeza punda, ilhali ilikuwa na haja kubwa ya mtu wa kuwapokea wale waliokwisha kuzaliwa, wakatumika, wakachoka, wakatupwa.

Tangu hapo akawa anachukua punda waliodhulumiwa na waliokosa wenyewe, mmoja baada ya mwingine, na kufikia mwaka 1973 alikuwa nao 38. Mwaka huo shughuli yake ikaandikishwa rasmi kuwa jumuiya ya hisani kwa mujibu wa sheria ya Uingereza. Uandikishaji huo, ambao huenda mtu akaudhani kuwa jambo la makaratasi tu, ulikuwa na maana kubwa kuliko ilivyodhihirika siku ile, maadamu hisani iliyo mikononi mwa mtu mmoja hufa pamoja naye, bali hisani iliyoandikishwa huwa na wadhamini, huwa na hesabu zinazokaguliwa, huweza kumiliki ardhi na kupokea urithi; na yule anayetaka kuacha mali yake kwa ajili ya wanyama huona mbele yake mlango ulio wazi, wenye bawabu anayejulikana.

Simu ya mwaka 1974

Karibu na mji wa Reading, mbali kidogo na Devon, aliishi Bi Violet Philpin, mwanamke aliyetumia maisha yake na nguvu zake kukusanya punda wenye shida na kuwapa makazi. Wengi walimjua kwa moyo wake usioweza kumkataa mnyama aliyeletwa mlangoni. Alipofariki, mwaka 1974, Bibi Svendsen alipata habari kwa simu kwamba marehemu amemwachia katika wasia wake punda 204.

Na tulitafakari jambo hili kwa utulivu, kwa sababu ndani yake imo hekima yote ya hifadhi hii. Aliyekuwa na punda 38 mwaka uliotangulia aliongezewa zaidi ya mara 5 ya wale aliokuwa nao, kwa neno moja la marehemu. Na punda hawakai katika daftari kama fedha za benki, bali wanasimama kwa miguu 4, wanakula kila siku, na wanaugua bila ya kungoja mwisho wa mwezi. Kwato za punda katika nchi yenye ardhi laini na mvua nyingi hukua bila ya kusagika, kwa hiyo hazina budi kupunguzwa kila baada ya majuma 6 hadi 10. Meno yake huota ncha zinazomchoma shavu kwa ndani, nayo yapigwe tupa. Minyoo humla tumboni, naye apewe dawa. Na manyoya yake, kwa kuwa asili yake ni nchi kavu, hayamkingi na mvua kama yale ya farasi, kwa hiyo sharti awe na banda. Zaidi ya hayo yote, punda aliyetunzwa huishi miaka mingi, aghalabu zaidi ya 25, na wapo wanaopita 40. Kumwachia mtu punda mmoja, basi, ni kumwachia ahadi ya robo karne. Na kumwachia 204 ni kumkabidhi umri mzima.

Bibi Svendsen alikubali. Hoteli haikuweza tena kuwa nyumbani kwa kundi kama lile, na shamba la Slade House likanunuliwa, likawa makao ya hifadhi mpaka leo. Kwa hakika tunaweza kusema kwamba taasisi hii ina waasisi wawili: mmoja aliyeianzisha akiwa hai, na mwingine aliyeikuza akiwa amekwisha kufa. Na kutokana na tukio lile ilizaliwa kanuni ambayo hifadhi imeishikilia miaka yote hii: punda aliyepokelewa amepokelewa kwa maisha yake yote. Hata yule anayepelekwa kulelewa katika nyumba ya mtu mwingine hubaki mali ya hifadhi, ili mlezi akiugua, akihama au akifa, mnyama asiwe yatima kwa mara ya pili.

Waliowahi kukaa karibu na punda wanajua sababu nyingine ya kanuni hiyo. Punda hushikamana na mwenzake kwa mapenzi yasiyo na maneno. Hula pamoja, husimama ubavu kwa ubavu, na hutazama upande mmoja. Wakitenganishwa ghafula, aliyebaki huacha kula, na mwili wake, katika kutafuta nguvu, huyamwaga mafuta katika damu mpaka ini na figo zikashindwa, naye akafa kwa ugonjwa ambao chanzo chake ni huzuni. Kwa hiyo watunzaji wa Sidmouth, punda mmoja anapokufa, hawauondoi mzoga upesi. Humwacha mwenzake akae nao, aunuse, auguse kwa mdomo, azunguke na kurudi, hata atakapoondoka mwenyewe kwa hiari yake, ndipo wanapoufukia. Na wenzi wawili walioletwa pamoja hawagawanywi, hata kama mwenye kutaka kulea ana nafasi ya mmoja tu.

Mnyama hawezi kurithi

Ili msomaji aijue thamani ya taasisi ya namna hii, yafaa tuitazame kidogo njia ya sheria. Mnyama si mtu mbele ya kadhi wala mbele ya hakimu. Hamiliki, hashitaki, hatii sahihi. Mtu akiandika kwamba shamba lake liwe la punda wake, ameandika neno lisilo na mpokeaji. Waingereza walihangaika na tatizo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1842, katika shauri la Pettingall, mahakama ilikabiliwa na wasia wa mtu aliyeagiza paundi 50 kila mwaka kwa matunzo ya farasi wake jike mweusi aliyempenda. Na mwaka 1889, katika shauri la Dean, ikakabiliwa na wasia wa paundi 750 kwa mwaka kwa ajili ya farasi na mbwa wa marehemu, kwa miaka 50 ikiwa yeyote kati yao angeishi muda huo. Mahakama zilizihurumia nia hizo, zikaziacha zitimizwe. Lakini utekelezaji wake ulitegemea uaminifu wa wasii, kwani aliyetendewa hisani hakuwa na ulimi wa kulalamika endapo angedhulumiwa.

Mwaka 1915, katika shauri la Wedgwood, Mahakama ya Rufani iliweka msingi ulio imara zaidi. Majaji waliamua kwamba mali iliyotolewa kwa ulinzi na manufaa ya wanyama kwa jumla ni hisani halali, kwa sababu kumhurumia hayawani humwadilisha binadamu mwenyewe, humzuia ukatili, na kuinua utu wa jamii nzima. Tangu hapo jumuiya ya hisani ya wanyama ikawa ndiyo mrithi kwa niaba ya wasioweza kurithi: inapokea, inatunza, inatoa hesabu, na haifi anapokufa mtu. Wasia wa Bi Philpin ulikuwa na pa kwenda kwa sababu jumuiya ilikuwapo mwaka mmoja kabla yake. Lau ungalichelewa uandikishaji ule, wale 204 wangalikuwa mikononi mwa bahati.

Kutoka Devon hadi Lamu

Hifadhi ilipokwisha kusimama kwa miguu yake, haikutosheka na punda wa Uingereza. Katika miaka ya 1970 ilianzisha kituo ambako watoto wenye ulemavu walipandishwa punda, wakapata furaha na nguvu za viungo. Na mwaka 1976 ukaundwa mfuko wa kimataifa wa kuwalinda punda, ambao kazi zake zilienea katika Misri, Ethiopia, India, Meksiko na Kenya. Fikra iliyoongoza safari hiyo ilikuwa sahili na ya haki: punda wengi duniani hawamo malishoni wakistarehe, wamo njiani wakibeba maji, kuni na mawe, na riziki ya maskini imefungwa mgongoni mwao, kwa hiyo kumtibu punda mmoja ni kuilinda nyumba nzima isiingie njaa.

Hakuna mji ambao maneno hayo yanauelekea kuliko Lamu. Mji huo mkongwe, uliotiwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia, vichochoro vyake ni vyembamba kiasi ambacho watu wawili wakikutana na punda mwenye shogi hulazimika kujibana ukutani. Gari halina nafasi humo. Saruji inayoteremshwa gatini, mchanga, chokaa, mawe ya matumbawe, boriti na magunia ya chakula, vyote hufika mlangoni kwa mgongo wa kihongwe, yaani punda. Nyumba ambazo wageni huzistaajabia kwa nakshi zake na vidaka vyake zilijengwa na mafundi, na mafundi walifikishiwa kila jiwe na punda. Hata katika siku za furaha, mji unaposherehekea Maulidi, mbio za punda hukusanya watu ufukweni, na kijana anayeshinda hutajwa mitaani mwaka mzima.

Bibi Svendsen alifika Lamu, akaona, na mwaka 1987 ikafunguliwa hifadhi ya punda mbele ya bahari, mahali ambapo kila mwenye punda hupita. Matibabu yakawa bure. Neno hili, bure, lilikuwa na uzito wake, kwa sababu mchukuzi ambaye pato lake la siku huishia katika unga na samaki hana akiba ya kumlipa mganga wa wanyama, na punda wake akiumia huendelea kutumika na jeraha lake mpaka jeraha lishinde. Tumtazame mmoja aliyeletwa uani, mwenye kidonda cha shogi juu ya mbavu. Nywele za pembeni hukatwa ili uchafu usigande, kidonda huoshwa kwa maji yenye chumvi, polepole, kutoka katikati kwenda nje, nyama iliyooza huondolewa, dawa hupakwa. Kisha mwenyewe huambiwa, kwa heshima na bila kukaripiwa mbele ya wenzake, kwamba asimtwike mpaka ngozi izibe, na huoneshwa namna ya kutandika kitambaa kinene na laini chini ya shogi ili kamba isirudi palepale. Mara nyingi kinga iliyofunzwa kwa dakika chache huokoa majuma ya maumivu.

Pamoja na vidonda, wahudumu wa hifadhi walitibu minyoo, kwato na macho, na maradhi ya tumbo yaliyoongezeka kadiri mji ulivyojaa takataka za plastiki. Maana punda wa Lamu, akiachiwa jioni atembee, hula alichokikuta, na mfuko ukikwama katika utumbo hutoka kwa shida kubwa au hautoki. Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi Agosti 2017, watetezi wa wanyama walikuwa miongoni mwa waliofurahi. Kadhalika yakaandaliwa mashindano ya punda waliotunzwa vizuri kuliko wote, ambamo sifa hupewa punda mwenye ngozi safi na mgongo usio na alama; na watoto wa Lamu wakajifunza kuona fahari katika afya ya mnyama, wala si katika wingi wa mzigo.

Nani aliyalipia haya yote? Zaidi ya nusu ya mapato ya The Donkey Sanctuary hutokana na wasia. Shamba la Sidmouth halitozi kiingilio. Milango i wazi kwa kila mgeni. Kwa hiyo dawa iliyopakwa mgongoni mwa punda wa Langoni au Mkomani huko Lamu aghalabu ilinunuliwa kwa nyumba iliyouzwa katika mtaa fulani wa Uingereza baada ya mwenyewe kuzikwa. Majina ya walioiachia hifadhi mali yao huandikwa katika ukuta wa kumbukumbu huko Sidmouth, na wengi wao hawakupata kuiona Lamu hata siku moja. Hawa ndio tunaowaadhimisha katika kurasa hizi pamoja na Bibi Svendsen, ambaye alitunukiwa nishani ya MBE mwaka 1980, na akafariki tarehe 11 Mei 2011, akiwa na umri wa miaka 81.

Namna ya kuusia

Historia ya taasisi hii ingekuwa pungufu kama tusingaliieleza kazi yenyewe ya kuusia, kwa kuwa nia njema isiyo na utaratibu imewahi kupotea mara nyingi. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1837 wasia uwe wa maandishi, utiwe sahihi na mwenyewe mbele ya mashahidi wawili waliopo pamoja. Na shahidi asiwe mwenye kupewa kitu, kwani akiwa hivyo hupoteza alichopewa. Zawadi yenyewe huja kwa sura tatu. Ya kwanza ni kiasi cha fedha kilichotajwa, ambacho ni rahisi kukieleza lakini hupungua thamani kadiri miaka inavyopita na bei zinavyopanda. Ya pili ni kitu mahsusi, kama nyumba, shamba au kipande cha thamani. Ya tatu ni baki ya mali, au fungu la baki hilo, baada ya madeni kulipwa na jamaa kupewa vyao; na hii ndiyo inayozifaa taasisi zaidi, kwa kuwa hupanda na kushuka pamoja na mali yenyewe. Dola nayo husaidia: kinachoachiwa jumuiya ya hisani hakitozwi kodi ya mirathi, na tangu mwezi Aprili 2012 anayeacha asilimia 10 au zaidi ya mali yake halisi kwa hisani hupunguziwa kodi ya kilichobaki kutoka asilimia 40 hadi 36.

Kwa mwenye mnyama wake mwenyewe liko jambo la ziada. Asimwache mnyama bila ya kuacha mahali, wala asitaje mahali bila ya kukubaliana na wahusika wake. Aseme na hifadhi angali hai. Aandike umri wa mnyama, maradhi yake, chakula chake na jina la mwenzi wake. Na kama Mungu amempa uwezo, aache na fungu la matunzo, ili upendo wake usiwe mzigo kwa wengine.

Iko pia adabu ya wasia, nayo ni kuwakumbuka watu wa nyumbani. Mama mmoja wa Kiingereza aliyefariki mwaka 2004 aliacha mali ya kiasi cha paundi 486,000, karibu yote kwa jumuiya tatu za wanyama, Blue Cross, RSPCA na RSPB, na hakumwachia kitu binti yake wa pekee, ambaye walikuwa wametengana tangu ujana wake. Binti akashitaki, na shauri likapanda ngazi za mahakama kwa miaka, hata mwezi Machi 2017 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba apewe paundi 50,000, na iliyobaki iende kama mama alivyoagiza. Uhuru wa mwenye mali ulilindwa, na haja ya mtoto ikatambuliwa. Lakini gharama, uchungu na muda uliopotea vingaliweza kuepukwa. Huruma kwa wanyama haipaswi kuwa silaha ya kuadhibia jamaa. Anayeusia na awaambie warithi wake mapema alichokusudia na sababu yake, ili wasikisikie kwa mara ya kwanza midomoni mwa wakili.

Deni letu

Kwetu sisi wa pwani milango ya hisani hii imefunguliwa tangu kale. Sheria ya Kiislamu humruhusu mtu kuusia hadi thuluthi ya mali yake kwa wasio warithi, na kila aliyekaa katika darsa anaikumbuka habari ya Saad bin Abi Waqqas, aliyetaka kutoa zaidi akazuiwa na Mtume, akaambiwa kwamba thuluthi inatosha, nayo ni nyingi, kwa kuwa kuwaacha warithi na uwezo ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu. Zaidi ya wasia upo wakfu, ambao humfaa mtu angali hai: mali yenyewe hufungwa isiuzwe wala kurithiwa, na mapato yake yakapita katika heri iliyotajwa, kizazi baada ya kizazi. Tumezoea kuweka wakfu misikiti, visima, madrasa na minazi. Na hizo ni heri zisizo na shaka. Lakini dini hiyohiyo imetufunza habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila ya chakula, na ya mja aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Duka moja la wakfu, ambalo kodi yake yanunua dawa ya minyoo na bandeji kwa vihongwe wa mji, lingekuwa sadaka yenye kuendelea kwa kila maana ya maneno hayo. Kwa wasio Waislamu, sheria ya mirathi ya Kenya inatambua wasia wa maandishi wenye mashahidi wawili, na KSPCA, iliyoasisiwa mwaka 1910, ni miongoni mwa jumuiya zinazowahudumia wanyama wa nchi.

Haja nayo haijapungua. Katika miaka ya karibuni punda wa Afrika aliwindwa kwa ajili ya ngozi yake, ambayo huchemshwa huko China ikatengenezwa dawa iitwayo ejiao. Kuanzia mwaka 2016 machinjio yalifunguliwa Kenya, punda wakawa wanaibwa mazizini usiku, na wenye riziki mgongoni mwao wakaamka mafukara. Serikali ikapiga marufuku uchinjaji huo mwezi Februari 2020. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaibatilisha marufuku. Na mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, waliokutana Addis Ababa, wakakubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda barani kote kwa miaka 15. Muda huo una mwisho, na ulinzi wa kweli wa punda utategemea nguvu za taasisi zilizo karibu naye.

Alhasili, kwa miaka mingi punda wa Lamu ametibiwa kwa thuluthi za watu wa mbali. Hakuna aibu katika kupokea hisani. Aibu huwa katika kuizoea mpaka mtu akasahau kwamba naye ana mkono wa kutoa. Bi Philpin aliacha punda 204 na jina. Waliomfuata wakaacha nyumba, akiba na mabaki ya mali, na kutokana na vitu hivyo ikajengwa hifadhi iliyomfikia mchukuzi wa gatini. Mwenye nyumba ya mawe iliyobebewa kila jiwe na kihongwe, mwenye duka ambalo magunia yake yote yamefika kwa mgongo huohuo, na mwenye shamba ambaye nazi zake zimefikishwa sokoni vivyo hivyo, wote wana deni ambalo mdai wake hana ulimi. Na walilipe kwa maandishi, mbele ya mashahidi wawili, wakiwa na afya ya mwili na utulivu wa akili, baada ya kushauriana na watoto wao. Na wakadhi, mawakili na wazee wa mitaa wawasaidie, ili hifadhi zijazo za wanyama wetu ziwe na majina ya watu wetu katika daftari la wafadhili wao.